Panzi Watatu Kwenye Mndimu

Aibu ya Mwanapili ilikuwa imewekwa dirishani, ndani ya fremu ya mbao, na watu wa mji walikuwa wamesimama wanaisifu.

Aliiona akiwa bado mbali, pale kichochoro cha Mkunazini kinapopinda. Yeye na shangazi yake, Bi Kidawa, walikuwa wametoka kwao Bungi alfajiri na pakacha la asumini na mrehani, wakauza Darajani mpaka likabaki jani la mgomba tupu, na sasa walikuwa wanakwenda walikoitwa, studio ya Msabah mpiga picha. Kwa Msabah ndiko moyo wa Mwanapili ulikokuwa unalala na kuamka tangu mvua za vuli. Njia nzima alikuwa anautengeneza ukaya wa kufunika uso wa buibui lake, na wala upepo haukuwepo.

Siku zote dirisha lile lilikuwa la maharusi na watoto wa sikukuu. Leo maharusi wote walikuwa wameondolewa, ikabaki picha moja kubwa. Ndege mdogo amekaa juu ya tawi la mndimu, kichwa cha kijivu, na utepe mweusi umempita machoni kama wanja uliopakwa na mtu mwenye haraka. Chini yake, kwenye miiba ya mndimu, panzi watatu wametundikwa. Na chini ya panzi palikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwa mkono wa Msabah: "Mbwigu na akiba yake. Bungi. Haikupangwa."

"Ndege mchinjaji huyu," alisema Kificho, fundi saa wa mlango wa pili, kikombe cha kahawa kimempoa mkononi. "Tazama alivyoitundika nyama yake. Utasema yuko sokoni."

"Na haikupangwa," mwenzake akasoma kwa sauti.

"Msabah hapangi. Sisi hutupanga, maana sura zetu zinataka kupangwa. Lakini ndege hampangi."

Wakacheka. Mwanapili aliusikia uso wake ukiwaka chini ya ukaya. Panzi wale alikuwa anawajua mmoja mmoja. Aliwakamata yeye kwenye majani yenye umande, na akawachoma miibani yeye mwenyewe, kwa vidole hivi hivi vilivyokuwa vinanukia asumini.

"Mbona umesimama?" aliuliza Bi Kidawa. "Twende ndani. Miguu yangu si ya chuma."

Msomaji asimhukumu kabla hajasikia ilivyokuwa.

Msabah alifika Bungi mara ya kwanza kwa baiskeli, kamera kifuani na shati limemganda mgongoni, akiulizia ndege ambaye hakuna aliyewahi kumtilia maanani. Ndege huyo huja na vuli na kuondoka masika yakikaribia. Akawa anakuja kila Jumapili. Karibu na konde ya kina Mwanapili, mbele ya mndimu mmoja mkongwe, alijenga kibanda cha makuti cha kutosha watu wawili waliochuchumaa, na Bi Kidawa akahakikisha kwamba siku zote wamo watatu. Alikaa nyuma yao akisuka ukili, na kila mabega ya vijana yalipokaribiana, alikohoa. Hajapata kuwa na kifua kibaya kama msimu ule.

Humo ndimo walimozungumza, kwa kunong'ona, macho yao yote yakiwa kwenye tawi.

"Kwa nini usipige watu tu?" Mwanapili aliwahi kumuuliza.

"Nnawapiga wiki nzima. Mtu anaazima koti langu, anaazima saa yangu, anashika simu isiyokuwa na waya. Namwambia cheka, anacheka. Nikishasafisha picha, yule aliyemo simjui, na yeye mwenyewe hajijui."

"Na huyu?"

"Huyu hanisikilizi. Akitaka kunipa mgongo, ananipa. Kwa hivyo nikimpata, ujue nimempata yeye hasa."

Kisha akageuka akamtazama, akachelewa kuyaondoa macho yake. Mwanapili akamwonea wivu ndege.

Kulikuwa na picha moja ambayo Msabah aliitaka kuliko zote. Alisema mbwigu akipata wadudu wengi hawali wote; huwatundika kwenye miiba, akarudi kuwala baadaye. Alikwisha kuliona jambo hilo Tanga, alikokwenda kujifunza kazi, lakini hapo hakuwa na kamera yake. Mjini akilisimulia, watu humcheka. Kificho alimwita Msabah wa Panzi, jina likaenea mtaa mzima. Jumapili zikapita, mbwigu wa Bungi akija, akila, akiruka, asitundike kitu.

"Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho hapa," akasema Msabah siku moja. "Nikikosa, nnahamia vichaka vya Chwaka. Wanasema wako wengi kule."

"Chwaka mbali," alisema Mwanapili.

"Mbali, ndiyo."

Msabah alingoja aambiwe neno zaidi. Mwanapili alikuwa nalo, lakini Bi Kidawa alikohoa.

Na Jumapili hiyo ya mwisho, kabla baiskeli haijalia njiani, Mwanapili akaenda mndimuni peke yake na panzi watatu ndani ya upindo wa kanga. Alitaka Jumapili moja nyingine tu. Hakuwaza kama uongo nao una mguu na utafika mjini kabla yake. Jua lilipopanda, mbwigu akaja akatua juu ya tawi lake la kila siku, akainamisha kichwa kuwatazama wale panzi kwa mshangao, na Msabah akabonyeza. Alimshika Mwanapili mkono mbele ya shangazi yake, macho yamemlowa, akasema, "N'mempata." Na kabla hajapanda baiskeli kurudi, akasema, "Ntaleta wazee."

Nani angesema kweli hapo? Pengine wewe. Mwanapili hakuweza.

Kazi ilibaki kwa baba yake. Mzee Silima hakumpenda kijana yule tangu siku alipomkuta kachuchumaa kichakani.

"Mtu mzima, ana ndevu, anajificha ndani ya makuti anamwinda ndege asiyeliwa," alisema. "Huyo ntampa mtoto wangu kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hasemi uongo, baba," Mwanapili alijibu, akiwa ameinamia sinia la mchele. "Wengine wote waliokuja hapa kila mmoja ana nyumba asiyokuwa nayo. Huyu hasemi uongo."

Hilo lilimwingia Mzee Silima. Akasema basi wazee waje Ijumaa, atawasikiliza. Na sasa ilikuwa Jumatano.

Msabah aliwapokea mlangoni kwa shikamoo ya adabu kwa Bi Kidawa, akamkalisha kwenye kiti cha wateja mbele ya pazia lililochorwa bustani na ngazi za marumaru, akamletea sharubati. Bi Kidawa aliiona simu isiyokuwa na waya juu ya meza ndogo. Akaitazama, akaangalia kulia na kushoto, kisha akaiweka sikioni.

"Njoo uone kitu," Msabah akamwambia Mwanapili, akamchukua hadi upande wa pili wa pazia, ambako meza yake ya kazi ilikuwa karibu na mlango wa chumba cha giza. Hapakuwa mbali, wangeweza kusikia Bi Kidawa akinywa.

Juu ya meza palikuwa na fremu nyingine, imefungwa nusu kwa karatasi ya waridi. Mwanapili hakuhitaji kuifungua.

"Mama ndiye aliyetaka," Msabah alisema. "Wazee Ijumaa waende nayo. Anasema Mzee Silima aitundike ukumbini, kila atakayeingia aione."

Alikuwa anasema haraka haraka, na huku anaifuta lenzi ambayo ilikuwa safi.

"Na mwalimu mmoja kaja jana. Anaitaka aitumie kusomeshea watoto. Nimemwambia ntampa. Halafu Kificho, yule aliyekuwa ananicheka, sasa yeye ndiye anayeita watu waje kuiangalia."

Mwanapili alijiona miaka ijayo, ndani ya ukumbi wa baba yake, anapangusa vumbi juu ya panzi wale. Wageni wanauliza, baba anaeleza kwa fahari. Watoto wake mwenyewe wanauliza. Na yeye anapangusa.

"Usiipeleke," alisema.

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu. Usiipeleke kwetu."

Msabah akaiweka lenzi chini. "Mzee kabadilisha neno?"

"Hajabadilisha."

"Basi ni wewe." Sauti yake ilishuka. "Kama hunitaki, Mwanapili, niambie. Nitaumia, lakini niambie. Usiniache nipeleke wazee wa watu wakarudishwe."

Hapo Mwanapili alifunua ukaya, kwa sababu jambo lile hakutaka kulisema akiwa amejificha. Macho yake hayakufika usoni kwa Msabah. Yaliishia kwenye kifungo cha shati lake.

"Nakutaka kuliko unavyofikiri," alisema. "Nilikutaka mpaka nikafanya jambo la kipumbavu. Wale panzi, hakuwatundika ndege. Niliwatundika mimi. Ulisema unahama. Nikaona ukiona panzi hutahama. Sikujua kama utafurahi vile, na ulipofurahi sikuweza tena kusema. Nimekuwa nataka kukwambia kila siku, na kila siku naona haya zaidi kuliko jana. Ukisema wazee wasije, wasije. Ni haki yako."

Alimaliza, akangoja. Upande wa pili wa pazia Bi Kidawa hakukohoa. Ndipo Mwanapili alipojua kwamba anasikiliza.

"Najua," alisema Msabah.

"Unajua nini?"

Msabah alivuta droo ya meza, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya leso, akakifungua. Ulikuwa uzi wa asumini ambao Mwanapili alimpa zamani, wakati wa vuli, naye akautundika kwenye usukani wa baiskeli. Maua yalikuwa yamekauka, yamekuwa rangi ya chai. Msabah akaondoa karatasi ya waridi, akaulaza ule uzi juu ya kioo cha picha, chini kidogo ya panzi.

Mwanapili akaona. Maua yote yalitazama upande mmoja, kila ua limechomwa kwenye kikonyo, na baina ya ua na ua pana nafasi ya upana wa ukucha. Na panzi wote walitazama upande mmoja, kila panzi kachomwa kwa nyuma, na baina ya panzi na panzi pana nafasi ile ile. Alikuwa ametunga panzi kama anavyotunga asumini za maharusi. Vidole vyake havikujua namna nyingine ya kuchoma kitu.

"Mbwigu humkokota panzi mwibani akamwacha kalala upande, bawa limechanika," Msabah alisema taratibu. "Picha ilipoanza kutoka kwenye dawa, kabla haijakauka, niliuona mkono wako."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na ukaandika haikupangwa."

Sasa ilikuwa zamu ya Msabah kutazama chini.

"Niliiweka dirishani kuijaribu tu," alisema. "Nilisema itakaa kidogo niitoe. Akapita Kificho, akasimama, akaniita Msabah. Si wa Panzi. Msabah tu. Akaniuliza, kweli hii hukuipanga? Watu wamemzunguka, wote wananitazama. Nikasema sikuipanga. Nikajiambia, kwani si kweli? Mimi sikuipanga. Kisha nikaingia ndani nikaandika, ili wasiniulize tena."

"Na mimi mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema kweli. Na ukishasema kweli, mimi sina picha."

Mwanapili alikuja studio akiwa na aibu yake peke yake, na alikuwa tayari kuibeba. Hii nyingine hakuitazamia, na ilikuwa nzito kuliko yake, maana ilikuwa ya mtu aliyemtia moyoni kama mtu asiyekuwa na doa. Alitamani kulia. Badala yake akakasirika.

"Mimi nimekosa usingizi kwa ajili yako," alisema. "Nikikaa nnajiona mchafu, nikila nnajiona mchafu, kwamba nimemdanganya mtu safi. Nimemwambia baba, mbele ya mchele, huyu hasemi uongo. Baba kakubali kwa neno hilo, Msabah. Hana jingine alilolishika juu yako isipokuwa hilo. Mimi nilidanganya mtu mmoja, tena kwa kutaka abaki. Wewe umedanganya mji."

"Ndiyo."

"Na Ijumaa ulitaka umdanganye na baba yangu, ukutani kwake."

"Ndiyo," Msabah alisema tena. Masikio yalikuwa yamemuiva. "Sina la kujitetea. Nilipokuita leo nilikuwa natumai utaniambia, halafu nikawa naomba usiniambie. Nimekuwa mmoja wa wale wa koti la kuazima."

Walisimama na meza baina yao, kila mmoja akimwona mwenzake vizuri kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyependeza. Kisha Msabah akapita kando ya pazia, akampita Bi Kidawa aliyekuwa bado na simu sikioni, akafungua kidirisha cha ndani, akaitoa picha.

Kule nje kukasikika guno la watu walionyang'anywa kitu. Msabah alitoka barazani, picha mkononi. Mwanapili alifunika ukaya upesi akasimama nyuma ya mlango.

"Vipi, unaihamisha?" Kificho aliuliza. "Tuachie bwana, kuna watu wa Malindi wanakuja kuiona jioni."

"Haina haja waje," alisema Msabah. "Imepangwa."

"Nini imepangwa?"

"Picha. Panzi hawakutundikwa na ndege."

Watu wakawa wanatafuta pa kuanzia kucheka. Kificho hakucheka. Alionekana kaudhika, kwa sababu alikuwa ameisifu mbele za watu tangu Jumatatu.

"Nani kawatundika?"

Mwanapili aliushika ubao wa mlango. Alijua jina lake likitajwa pale, jioni litakuwa Darajani, na kesho litatoka na magari kwenda shamba. Binti wa Mzee Silima anayechoma panzi kutega wanaume.

"Mimi," alisema Msabah. "Niliwatundika mimi. Nilitaka sana picha, nikafanya aibu. Mnisamehe."

"Basi wewe kweli ni Msabah wa Panzi," alisema Kificho, na sasa wakacheka wote, na hakikuwa kicheko kizuri. Msabah alisimama akakipokea, picha ameibana kwapani, hajui mikono aiweke wapi. Alikuwa anasema uongo tena, mara hii ili kumfunika Mwanapili, na shingo yake ilikuwa imejaa jasho kama ya mtoto aliyeshikwa.

Mwanapili hakumbuki kama aliamua. Alijikuta yuko barazani.

"Si yeye," alisema. "Nimewatundika mimi, yeye hakuwepo. Nilitaka arudi kwetu Jumapili nyingine."

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kichochoro cha Mkunazini ni chembamba na hakipotezi kitu. Wanaume wale wakatazama chini, maana hakuna aliyetegemea kusikia jambo kama lile kutoka kwa mwanamke aliyevaa buibui, mchana, mbele za watu. Mwanapili aliusikia mwili wote ukiungua kuanzia nyayo. Hajapata kuona haya vile tangu azaliwe.

Kificho alitazama kikombe chake, akamtazama Msabah, akamtazama msichana.

"Kahawa yangu imepoa," alisema, akaingia dukani kwake. Na wengine, mmoja mmoja, wakakumbuka kwamba walikuwa na kazi.

Bi Kidawa alikuwa ameshatoka na pakacha lake. Alimshika Mwanapili mkono kwa nguvu za mama mkwe, akamkokota. Msabah aliwafuata mpaka ngazi ya mwisho ya baraza.

"Mwanapili. Na Ijumaa?"

Hakugeuka mara moja. Alikuwa bado na hasira naye, na alikuwa anampenda, na vyote viwili vilimuuma pahala pamoja.

"Waje," alisema. "Lakini waje mikono mitupu. Kwetu hakuna ukuta wa picha hiyo. Na kabla ya wazee, uje wewe, ukae mbele ya baba, umwambie kwamba picha imepangwa na kwamba ulijua. Ukimaliza, mimi ntasema yangu."

"Akinifukuza?"

"Akikufukuza atakuwa kamfukuza Msabah hasa. Si mtu wa koti la kuazima."

Wakaondoka. Bi Kidawa alipofika karibu na Darajani akasimama kuvuta pumzi.

"Mimi nimekaa nyuma yenu msimu mzima nakohoa," alisema, "kumbe mwizi wangu anatoka alfajiri. Baba'ko atazisikia hizi kabla hatujafika Bungi."

"Na azisikie."

"Ulimwambia huyu hasemi uongo."

"Nilimwambia."

"Na leo kausema mbele ya macho yangu, wa pili juu ya wa kwanza. Sasa utamwambia nini?"

Mwanapili aliushusha ukaya ukamfunika uso wote, kwa sababu machozi yalikuwa yameshaanza, na pamoja nayo alikuwa anakaribia kucheka, na hakutaka shangazi yake aone hata kimoja.

"Ntamwambia anausema, shangazi," alijibu. "Lakini hajui kuusema."